Kazi ya Mwongoza Ndege

(Hotuba iliyosomwa na mfanyi kazi mmoja wa reli katika mkutano wa tawi. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamuni siku ile.)



Katibu wetu aliniomba niseme juu ya kazi ya wenzetu wa viwanja vya ndege, wale wanaoitwa waongoza ndege. Najua kwamba wengine wenu mlicheka mlipoona tangazo ubaoni, mkauliza, mtu wa reli ana habari gani za mambo ya angani? Swali hilo ni la haki. Mimi sijaongoza hata ndege ya karatasi. Lakini shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ameifanya kazi hiyo miaka mingi, na kila tukikutana siku za sikukuu tunabishana ni kazi ya nani iliyo nzito, yake au yangu. Kwa sababu ya ubishi huo nimesoma mengi juu ya kazi yake, nikitafuta la kumshinda, na sikulipata. Basi nitawaelezeeni niliyoyasikia na niliyoyasoma, na kwa kuwa sisi sote hapa ni watu wa reli, nitayasema kwa lugha ya reli.

Kwanza tuondoe kosa moja. Watu wengi hudhani mwongoza ndege ni yule mtu aliyevaa koti la rangi kali, anayesimama chini na kupunga vijiti viwili mpaka ndege isimame mahali pake. Huyo ni mfanyi kazi mwingine, naye ana heshima yake. Mwongoza ndege haonekani. Yuko juu katika mnara wa vioo, au yuko katika chumba chenye mwanga hafifu, mbele ya kioo cha rada, na chombo cha kusikilizia kiko sikioni. Abiria hushuka, humshukuru rubani, huchukua mzigo wake akaenda zake. Yule wa mnarani hashukuriwi na mtu, maana abiria hajui kama yupo. Nyinyi mnaoshinda na kukesha kwenye signali mnaijua habari hii. Ni nani amewahi kuwaleteeni soda?

Sasa kazi yenyewe. Shemeji huieleza kwa neno moja: kutenganisha. Ndege mbili zisiwe mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mengine yote yametoka hapo.

Sisi tunalijua jambo hilo tangu zamani. Kwenye njia moja ya reli, dereva hakutoka stesheni mpaka stesheni masta ampe kibali mkononi, na kibali cha kipande kile kilikuwa kimoja tu. Aliyekishika ndiye mwenye njia, na mwingine alingoja. Leo umeme na kompyuta zimeingia, lakini sheria ni ile ile, kipande kimoja, gari moja. Angani hakuna reli, hakuna pointi, wala hakuna kitu cha kumpa rubani mkononi. Kibali cha angani ni neno. Mwongoza ndege husema, rubani hurudia aliyoyasikia, na mwongoza ndege husikiliza kama yamerudiwa sawasawa. Yakirudiwa vibaya naye akanyamaza, ni kama ametoa vibali viwili vya njia moja.

Kuna vipimo vya kutenganisha, na vipimo hivi havina mchezo. Ndege mbili zikipishana juu na chini, mara nyingi huwa ni futi 1,000 kati yao, yaani kiasi cha mita 300. Zikiwa kimo kimoja, na rada inaziona, huachanishwa kwa maili 5 za baharini, kama kilomita 9. Karibu na uwanja zaweza kuwa 3. Pasipo na rada huachanishwa kwa dakika, na dakika hizo ni nyingi. Zinazokwenda upande wa mashariki hupewa vimo vya hesabu ya witiri, kama futi 33,000 na 35,000, na zinazokwenda magharibi hupewa vya hesabu ya shufwa, 34,000 na 36,000, ili zinapokutana ziwe tayari zimeachana.

Mtu atasema, kilomita 9 ni nyingi. Kwa miguu, ndiyo. Ndege kubwa za abiria huenda kiasi cha kilomita 900 kwa saa, nazo ni kilomita 15 kwa dakika. Mbili zikielekeana, zinapunguza kilomita 30 kila dakika. Huo ni kama mwendo wa kutoka Nairobi mpaka Athi River, umekwisha kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu. Hizo kilomita 9 huisha kwa sekunde 18.

Tena kuna jambo ambalo ndilo lililonishinda katika ubishi wetu. Siku moja nilimwambia, "Shemeji, hata sisi tuna magari mawili kwenye njia moja, na mizigo yetu ni ya maelfu ya tani." Akanijibu, "Ndiyo, lakini wewe ukiona mashaka unaweka signali nyekundu, gari linasimama, mnakunywa chai mkitafakari. Mimi nikiona mashaka, niziambie zisimame wapi?" Nikanyamaza. Ndege yaweza kuambiwa izunguke mahali fulani ikingoja zamu yake, lakini hata ikizunguka inakwenda, na mafuta yanakwisha. Kila uamuzi wa mwongoza ndege hufanywa juu ya vitu vinavyokwenda.

Kazi hii ina umri wa kama miaka mia moja tu, na kwa kuwa tuna magadi humu ndani nitawapeni kidogo cha kujivunia. Uwanja wa Croydon karibu na London ulijengewa mnara mwaka 1920. Huko Marekani, katika mji wa St. Louis, mtu aliyeitwa Archie League aliajiriwa mwaka 1929, naye alikwenda kazini na toroli lenye kiti, mwavuli wa jua, na bendera mbili. Moja ilikuwa nyekundu ya kusema ngoja, na ya pili ya mirabaraba ya kusema nenda. Jua likimwakia rubani machoni, bendera hazikuonekana, na usiku ndiyo kabisa. Basi bendera zikaja taa, na baada ya taa ikaja redio, na baada ya vita vya pili rada ikaenea. Lakini alianza kama gadi.

Leo kazi imegawanywa mafungu matatu. Wa mnarani huangalia uwanja wenyewe, ndege zinazotembea chini, zinazopaa na zinazotua. Wa pili hupokea zile zinazokaribia na kuzipanga mstari mmoja, kama vile yadi inavyopanga mabehewa. Wa tatu huangalia zile za mbali, zinazopita juu kabisa, nyingine zisizotua kwetu hata kidogo. Zinatoka Afrika ya Kusini kwenda Uarabuni au Ulaya, na abiria wamelala hawajui kwamba mtu wa Nairobi anazichunga. Ndege hukabidhiwa kutoka kwa mmoja hadi mwingine kama gari linavyokabidhiwa kutoka stesheni hadi stesheni.

Mambo yetu ya hapa yana ugumu wake. Uwanja mkubwa wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, ukaitwa kwa jina la Jomo Kenyatta tangu 1978, na mpaka leo una njia moja tu ya kurukia, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4. Watu wa reli mnaelewa maana ya njia moja. Anayetua na anayepaa wanagombea chuma kile kile. Wa mnarani akimwona mmoja yuko kilomita chache kabla ya kutua, hana budi kuamua upesi: je, huyu aliye chini ataondoka kwa wakati, au nimzuie? Akimzuia kila mara, foleni inakuwa ndefu na watu wa kampuni wanapiga simu. Akimruhusu akachelewa, yule wa juu lazima apande tena na kuzunguka. Hata ndege ikishaondoka, nyuma yake hubaki upepo wa kisulisuli unaotoka kwenye mabawa, na ndege ndogo ikiufuata mapema yaweza kupinduliwa, kwa hiyo huzuiwa chini dakika 2 au 3 ingawa macho yanaona njia ni tupu.

Na si mbali na hapo uko uwanja wa Wilson, wenye ndege nyingi ndogo, za watalii, za miraa, za madaktari, na za wanafunzi wanaojifunza kurusha. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya mafunzo na ndege ya abiria iliyokuwa imetoka Wilson kwenda Diani ziligongana juu ya mbuga ya Nairobi. Iliyokuwa na watu 44 ilirudi ikatua salama. Wawili wa ndege ya mafunzo walikufa. Sitasema neno juu ya kosa la mtu yeyote hapo. Nimelitaja ili msidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu.

Nilisema kibali chao ni neno. Hapa nataka kukaa kidogo.

Kote duniani kuna Kiingereza cha ndege, nacho kimekatwakatwa mpaka kimekuwa kama lugha yake yenyewe. Herufi zina majina, Alfa, Bravo, Charlie, na majina hayo yametumika tangu 1956 ili B isisikike kama D. Hesabu husomwa tarakimu moja moja. Saa ni moja kwa dunia nzima, ile ya Greenwich; saa sita yetu ya mchana wao huandika 0900. Shemeji husema kwamba mwaka wake wa kwanza alikuwa na saa tatu kichwani, ya Waswahili, ya Waingereza na ya Greenwich, na mara moja alimwambia mkewe chakula kiwe tayari saa ambayo hata kuku wamelala.

Ukaidi huu wa maneno umenunuliwa kwa damu. Tarehe 3 Septemba 1974, hapa hapa Nairobi, ndege kubwa ya British Airways ilikuwa inakuja kutua asubuhi. Mwongoza ndege aliiruhusu kushuka mpaka futi 7,500. Ndani ya ndege hesabu hiyo ikaeleweka kuwa 5,000. Sasa angalieni. Uwanja wa Embakasi wenyewe uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya futi 5,300. Maana yake, rubani alikuwa anashuka kwenda chini ya ardhi. Walipotoka mawinguni waliona nchi iko mbele yao, wakavuta ndege juu, ikiwa imebaki chini ya futi 100 kugusa. Hakuna aliyekufa, na pengine ndiyo sababu hamjasikia habari hii.

Huko Tenerife, kisiwa cha Hispania, hawakuwa na bahati hiyo. Ilikuwa tarehe 27 Machi 1977, na ukungu ulikuwa mwingi. Ndege mbili kubwa, moja ya KLM na moja ya Pan Am, zilikuwa kwenye njia ile ile ya kurukia, moja imesimama mwisho tayari kuondoka, ya pili inatembea juu yake ikitafuta mahali pa kutokea. Mwongoza ndege aliisomea ile ya KLM njia itakayofuata baada ya kuruka, na hakuiruhusu iruke. Lakini ndani ya maelezo yale lilikuwamo neno kuruka. Rubani mmoja akajibu maneno ambayo yaweza kueleweka kuwa tuko mahali pa kuruka, au kuwa tunaruka. Mwongoza ndege akasema sawa, kisha akaongeza kwamba wangoje, na wakati ule ule wale wa Pan Am nao wakasema, na sauti mbili kwenye redio moja hufanya kelele tu. Neno "sawa" ndilo lililosikika. Watu 583 walikufa. Tangu wakati huo kanuni ni kwamba neno la kuruka halitamkwi kabisa isipokuwa pale ruhusa yenyewe inapotolewa au inapofutwa. Kabla ya hapo husemwa kuondoka.

Kwa hiyo mnaposikia mwongoza ndege anasema kwa sauti kavu, bila haraka, bila utani, msidhani ana kiburi. Ndivyo alivyofundishwa, maana rubani akisikia hofu katika sauti ya mnarani, naye huingiwa na hofu.

Kitu kingine ni kile wanachokiita picha. Mtu akikaa mezani huwa na ndege saba, kumi, kumi na tano kichwani. Hii inapanda, ile inashuka, hii ya tatu haina redio nzuri, ile ina mgonjwa. Kioo cha rada kinamsaidia, lakini picha iko kichwani. Ndiyo sababu kupokezana zamu kwao ni kazi yenyewe. Anayeingia husimama nyuma ya anayetoka, anatazama na kusikiliza, anaelezwa ndege moja moja, na anayetoka haondoki mara moja, hubaki dakika chache mpaka aone mwenzake ameshika. Ukimvuta mtu mezani ghafula ukamweka mwingine, umeweka kipofu. Na picha hiyo huchosha. Saa mbili mfululizo za ndege nyingi zatosha kumwacha mtu hoi ingawa hakunyanyua hata kikombe. Basi kupumzika kwao ni sehemu ya kazi, kama vile kupoza injini.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni kumwacha mtu peke yake.

Tarehe 10 Septemba 1976 ndege mbili za abiria ziligongana angani karibu na Zagreb, katika nchi iliyoitwa Yugoslavia. Moja ilikuwa ya Waingereza, inatoka London kwenda Istanbul kwa futi 33,000. Ya pili ilikuwa ya nchi ile ile, inatoka pwani na inapanda. Mwongoza ndege wa vimo vya juu aliitwa Gradimir Tasić. Mwenzake wa meza alikuwa ameondoka kwenda kumtafuta mtu wa zamu aliyechelewa, na Tasić akabaki na kazi ya watu wawili. Alipoiona hatari aliiambia ile inayopanda ibaki hapo hapo ilipo. Aliisema kwa lugha ya kwao, upesi upesi, na wale Waingereza hawakuelewa neno. Na hapo hapo ilipo palikuwa tayari pamefika futi 33,000. Watu 176 walikufa, hakupona hata mmoja.

Walishtakiwa watu kadhaa wa kituo kile. Aliyehukumiwa ni mmoja, Tasić, miaka 7 gerezani, baadaye ikapunguzwa nusu. Kilichomtoa kabla ya wakati, mwaka 1978, ni wenzake. Waongoza ndege walikusanya sahihi na kuiomba serikali, wakisema kwamba huyu alipewa mzigo usiobebeka na mtu mmoja. Ndugu wanachama, watu hao wengi wao hawakuwahi kumwona.

Miaka 26 ikapita. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, mjini Zürich, Uswisi, waongoza ndege wawili walikuwa zamu. Mmoja alikwenda kupumzika chumba kingine, kwa kuwa usiku ndege ni chache. Ilikuwa desturi ya pale, na wakubwa waliijua na kuivumilia. Aliyebaki, Peter Nielsen, alikuwa na meza mbili na vioo viwili. Usiku huo huo mafundi walikuwa wanatengeneza mitambo. Chombo cha kumwonya kwa taa kwamba ndege mbili zinakaribiana kilikuwa hakifanyi kazi. Simu kubwa ilikuwa imezimwa, na ile ya akiba ilikuwa mbovu. Wajerumani wa kituo cha Karlsruhe waliiona hatari kwenye rada yao, wakapiga simu, wakapiga tena, haikuingia. Nielsen alikuwa kwenye kioo cha pili, anahangaika na ndege iliyochelewa kutua Friedrichshafen, na simu ya kuufikia uwanja ule haikupatikana.

Alipogeuka, ndege mbili zilikuwa zinaelekeana kwa futi 36,000 juu ya Überlingen, Ujerumani. Moja ya Warusi, imejaa watoto wa shule wanaokwenda likizo Hispania. Moja ya mizigo ya DHL. Zilikuwa zimebaki sekunde kama 43. Akawaambia Warusi washuke. Wakati ule ule chombo cha kuonya kilichomo ndani ya ndege yao kikawaambia wapande, na cha wale wa DHL kikawaambia washuke. Warusi walimtii mtu, wenzao walitii chombo, wote wakashuka. Watu 71 walikufa. Baadaye kanuni iliwekwa wazi duniani kote kwamba chombo hicho kikisema, rubani akifuate hata kama mwongoza ndege amesema kinyume.

Tarehe 24 Februari 2004 baba mmoja aliyepoteza mke na watoto wawili katika ajali ile alikwenda nyumbani kwa Nielsen akamwua kwa kisu. Mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani wafanyi kazi wanne wa kampuni ya kuongoza ndege, watu wa usimamizi na matengenezo. Watatu walipata vifungo vya nje na mmoja faini. Lakini Nielsen alikuwa amekwisha kuzikwa.

Mtasema, hayo yalikuwa zamani. Mwezi Machi 2011, mjini Washington, ndege mbili zilitua usiku bila msaada wa mnara kwa sababu mtu pekee aliyekuwamo alikuwa amelala usingizi. Serikali iliagiza pale pale kwamba usiku wawe wawili, na mimi nauliza, kwa nini haikuwa hivyo juzi yake? Na katika uwanja ule ule, tarehe 29 Januari 2025, ndege ya abiria na helikopta ya jeshi ziligongana, watu 67 wakafa. Sababu za ajali ile ni nyingi, lakini usiku ule mtu mmoja ndiye aliyekuwa akisema na ndege na helikopta, kazi iliyokuwa na meza mbili.

Nimeyasema haya kwa urefu kwa kuwa nimewahi kuona, mahali ambapo sitapataja, mwajiri akija na maneno matamu: usiku magari ni machache, mtu mmoja na ashike meza mbili, tutamwongezea kidogo. Wengi wetu tulikuwa na karo za watoto, na ile kidogo ilionekana kubwa. Shemeji aliposikia habari ile hakusema kitu, aliniuliza tu, "Na likitokea jambo, atakayeitwa mahakamani ni nani, aliyetoa nyongeza au aliyeipokea?"

Sasa juu ya haki zao kama wafanyi kazi. Wengi mmesikia habari ya Marekani. Tarehe 3 Agosti 1981 waongoza ndege kama 13,000 wa chama kilichoitwa PATCO waligoma. Walitaka mshahara, na walitaka wiki ya kazi iwe fupi kwa ajili ya uchovu huo nilioueleza. Sheria ya nchi ile inawakataza wafanyi kazi wa serikali kuu kugoma. Rais Reagan aliwapa saa 48. Walipokwisha wakati huo, zaidi ya 11,000 walifukuzwa, wakakatazwa kuajiriwa tena, na mwezi Oktoba chama chao kikaondolewa uhalali. Mabosi wao na wanajeshi walikaa mezani badala yao, na marubani, ambao wana chama chenye nguvu, waliendelea kurusha. Hilo la marubani ndilo linalonitia uchungu mimi. Katazo la kuajiriwa liliondolewa mwaka 1993 na Rais Clinton, na kwa wengi ilikuwa miaka 12 imekwisha kupita na umri nao umepita. Chama kingine kilikuwa kimekubaliwa mwaka 1987.

Hapa Kenya, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 imewaweka waongoza ndege katika orodha ya huduma za lazima, pamoja na watu wa maji na wa hospitali. Hawagomi. Ugomvi wao na mwajiri hupelekwa mahakama ya kazi. Wako wanaosema hiyo ni dhuluma, na wako wanaosema hakuna njia nyingine, kwa kuwa ndege iliyo angani haiwezi kungoja mazungumzo. Mimi naona hivi: aliyenyang'anywa rungu lake hana budi kupewa sikio. Mtu asiyeruhusiwa kugoma, akisema meza hii inataka watu wawili, asiambiwe kwamba anataka kustarehe.

Duniani wana shirikisho lao lililoanzishwa mwaka 1961 mjini Athens, na tarehe 20 Oktoba kila mwaka ni siku yao. Hao ndio wanaotuma watu wao kuketi pamoja na wakubwa wa kanuni na kusema mambo ya mezani yalivyo.

Mwisho, wazazi watatu wamekwisha niuliza mlangoni kama watoto wao waweza kuingia kazi hii. Waweza, wasichana kwa wavulana. Iko shule ya mambo ya ndege pale Embakasi. Hesabu na Kiingereza viwe vizuri. Leseni haitolewi kabla ya miaka 21. Daktari humpima macho, masikio na moyo, naye hurudi kupimwa tena na tena maisha yake yote ya kazi, na akishindwa anaondolewa mezani hata kama ana watoto sita. Kiingereza nacho hupimwa. Aliyepata daraja la nne hurudia mtihani kila miaka mitatu. Akishafuzu shuleni hupelekwa kukaa kando ya mkongwe, anasema yeye na mkongwe anasikiliza, mkono uko karibu na kitufe cha kumnyamazisha. Huko kukaa kando kwaweza kuchukua miezi mingi, na leseni ya mnara mmoja haimpi ruhusa ya kukaa mnara mwingine mpaka ajifunze wa pili nao. Mzee aliyeniuliza kama mtoto wake anayevaa miwani atakataliwa, jibu ni kwamba miwani haimzuii, maadamu akiivaa anaona sawasawa.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza, na kama kuna maswali nitajibu niyawezayo.